Swali la Tano

Kibanda cha fundi wetu kiko ndani kabisa ya Kenyatta Market, kwenye kichochoro ambako moshi wa nyama choma unakufikia kutoka upande mmoja na sauti za wasusi kutoka upande wa pili. Tulikuwa tumekwenda kupima gauni upya, mimi na binti wa dada yangu, ambaye alikuwa mmoja wa wapambe katika harusi ya familia. Fundi alizungusha tepu kiunoni, akasoma, akaandika. Akapima kifua, akaandika. Mabega aliyapima mara mbili. Kisha akarudi kurasa za nyuma za daftari lake, akalinganisha, asiseme neno.

Binti ndiye aliyeuliza. "Zimeshuka?"

"Zimeshuka kidogo."

Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alipotoka kwenda kuuliza bei ya kusuka, fundi alishusha sauti. "Dada, samahani, hii si kazi yangu. Mlisema huyu msichana ana mawazo, ndiyo maana hali. Lakini kila akija ananiuliza namba. Mimi nimewashonea watu wenye mawazo. Wajane, watu waliozika watoto. Wanapungua, naona kwenye tepu. Lakini hao hawaulizi namba."

Maneno hayo yamenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kabla sijaendelea: binti mwenyewe ameisoma. Amefuta aya mbili, na moja kwa maoni yangu ilikuwa nzuri sana, lakini maisha ni yake. Sharti lake jingine ni kwamba nisitaje kilo wala namba za lile daftari, maana anawajua wasichana watakaosoma wakitafuta namba ya kushindana nayo. Sitazitaja.

Jina tulilokuwa nalo

Jina la ugonjwa tulikuwa nalo tayari. Mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza chuoni alianza kulala mchana, kukosa madarasa, kuwakwepa wenzake wa hosteli. Dada yangu akampeleka kliniki, wakatoka na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na vidonge, na tarehe ya kurudi.

Tulipumua. Nyumbani kwetu zamani, mtu akionekana kwa daktari wa akili, neno lililofuata lilikuwa Mathari, hospitali ya maradhi ya akili, na baada ya Mathari kicheko. Leo mambo yamebadilika kidogo. Redio za asubuhi huzungumzia sonona katikati ya habari za msongamano wa Thika Road. Jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hata mchungaji wetu, ambaye miaka ile angeagiza mkesha, alimwuliza dada kama binti anameza dawa zake sawasawa.

Kwa hiyo sonona tuliipokea nyumbani kama mgeni tuliyekwisha kumsikia. Na ilieleza kila kitu. Usingizi, sonona. Hasira, sonona. Sahani iliyorudi jikoni vilevile ilivyotoka: sonona, maskini, hana hamu.

Ila hamu alikuwa nayo.

Baada ya maneno ya fundi nilianza kutazama. Nikaona mtu anayeangalia video za mapishi usiku wa manane: pilau, mahamri, keki za ghorofa tatu. Jumapili anampikia mdogo wake chapati, anazipanga, anamsimamia mpaka amalize, na yeye hagusi. Anajua bei ya parachichi kutoka Wakulima hadi Toi. Ndizi moja anaikata vipande vyembamba, na nusu saa baadaye bado anayo.

Aliyekosa hamu husahau chakula. Huyu hakuwa na nafasi kichwani ya kitu kingine.

Karatasi yenye maswali tisa

Nilimwomba anionyeshe karatasi aliyojaza kliniki. Alikuwa ameipiga picha kwa simu. Wengi wenu mmewahi kuijaza hata kama hamkuambiwa jina lake. Inaitwa PHQ-9, ilitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi iko karibu kila mahali, kwa Kiswahili pia. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27.

Swali la tano linauliza kama umesumbuliwa na kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi.

Swali moja, basi. Mfiwa ambaye chakula kimemkalia kama mchanga mdomoni, msichana anayejinyima makusudi, na mwanamume aliyemaliza mkate mzima saa nane za usiku akaenda kujitapisha: wote watatu wanaweza kuweka 3 hapo, na mhudumu mwenye foleni hadi mlangoni atajumlisha na kuita anayefuata. Siilaumu karatasi. Kazi yake ni kutafuta sonona, na inaifanya.

Lakini tazama maswali mengine. Kutofurahia mambo. Huzuni. Usingizi mbovu. Uchovu. Kujiona umeshindwa maishani. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Kuwa mzito au kutotulia. Nilikuja kujifunza, na nitaeleza hapa chini nilikojifunzia, kwamba mwili uliokosa chakula kwa miezi unaweza kuijaza zaidi ya nusu ya karatasi hiyo wenyewe.

Iko nyingine fupi zaidi ambayo hakuna aliyempa. Ilitungwa na madaktari wa London na kuchapishwa mwaka 1999, maswali matano tu. Je, hujitapisha kwa sababu umeshiba mpaka hujisikii vizuri? Una wasiwasi kwamba huwezi tena kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo sita hivi katika miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanakuambia umekonda mno? Unaweza kusema chakula kinatawala maisha yako? Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, hiyo haimaanishi kwamba unaumwa, lakini daktari anapaswa kukaa chini na kuuliza vizuri.

Nilimsomea kwenye matatu ya kwenda Donholm. Nyumbani kuna masikio mengi, na kwenye matatu muziki ulikuwa juu kiasi kwamba hata mimi nilijisikia kwa shida. Swali la kwanza alitikisa kichwa. La pili akasema, "Ruka hiyo." La tatu ndiyo. La nne akatazama dirishani mpaka tukapita City Stadium, kisha ndiyo. La tano akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Anti, hakuna mtu amewahi kuniuliza hivi. Waliniuliza kama nina hamu."

Vijana 36

Kilichokuwa kikinikosesha usingizi ni hiki: je, sonona ndiyo iliyomfanya akatae chakula, au kukataa chakula ndiko kulikomletea sonona?

Sehemu ya jibu niliipata mbali sana na Nairobi. Novemba 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana wa kiume 36 waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Ulaya ilikuwa na njaa, na Keys alitaka kujua jinsi ya kuwalisha tena watakaonusurika. Vijana hao walichujwa: wenye siha, wachangamfu, wasio na historia ya maradhi ya akili. Kwa karibu miezi sita ya mwaka 1945 walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, viazi na mkate na makaroni, mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Kukonda kulitarajiwa. Yaliyojaza kurasa nyingi za majuzuu mawili yaliyochapishwa mwaka 1950 ni mengine. Vijana waliokuwa wakitaniana kutwa waliacha kutaniana. Wakawa wakali kwa mambo madogo. Wakapoteza hamu ya wasichana, ya mikutano, ya siasa zilizokuwa zimewafikisha pale. Walilalamika kwamba hawawezi kutuliza akili. Waliingiwa na huzuni, wengine huzuni nzito. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye mwenyewe hakuweza kusema kwa hakika kama ilikuwa ajali.

Na walikusanya vitabu vya mapishi. Watu ambao hawakuwahi kuchemsha hata yai walikaa wakisoma mapishi kama wengine wanavyosoma riwaya. Walichezea chakula kwenye sahani, wakikichanganya na kukirefusha kadiri walivyoweza, kisha wakailamba sahani.

Niliposoma hapo niliifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kukonda. Hakuna aliyekuwa na simu ya kumwonyesha viuno vya watu asiowajua. Hawakuwa na sonona walipoingia. Njaa peke yake, bila msaada wa kitu kingine, iliwafikisha pale ambapo mpwa wangu aliandikiwa vidonge.

Hata hivyo halikuwa jibu kamili. Vijana wa Keys waliingia wakiwa wazima, na wagonjwa wengi wa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, na wa bulimia, ule wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, hawaanzi hivyo. Kwa wengi, wasiwasi uliwatangulia tangu utotoni. Kwa wengine huzuni ilikuwapo kabla ya sahani ya kwanza kurudishwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kuna kitu kinachorithiwa hapa, na kwamba urithi wa maradhi ya ulaji na wa sonona kwa sehemu ni mmoja. Nilipomweleza dada yangu hilo alinyamaza kitambo, kisha akamtaja nyanya yetu wa Murang'a, aliyekuwa akijifungia chumbani na kusema amefunga, majira baada ya majira, na sisi watoto tukiambiwa tusipige kelele kwa kuwa nyanya anaomba.

Sijui tufanye nini na kumbukumbu hiyo. Nyanya alikufa zamani, na pengine alikuwa anaomba kweli.

Ninachoweza kusema ni kwamba hata pale huzuni inapotangulia, njaa ikishaingia inazaa huzuni yake nyingine, na hizo mbili huwezi kuzitenganisha kwa macho.

"Huo si ugonjwa wetu"

Niliambiwa hivyo na watu wanne tofauti, mmoja wao akiwa muuguzi.

Naelewa hisia hiyo. Sisi tuliokulia Nairobi ya miaka ya 1990 tulifundishwa kuogopa kukonda. Aliyekonda alinong'onezwa, na sote tulijua ananong'onezwa kuhusu nini. Mpaka leo shangazi akikukuta umeongezeka atakuambia umenona, na ni sifa. Mama yangu alipoambiwa kwamba mjukuu wake anakataa chakula kwa sababu ya maradhi, alisema kile ambacho mama yeyote wa umri wake angesema: "Turkana watoto wanalala njaa, na huyu anarudisha nyama." Binti alikuwa chumba cha pili. Alisikia. Ukitaka kujua sonona inakula nini, inakula sentensi kama hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akijiambia hivyo kila siku kabla bibi yake hajasema.

Na ni kweli kwamba majina ya maradhi haya yalitolewa Ulaya. Anoreksia ilielezwa mwaka 1873 na William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, karibu kwa wakati mmoja. Bulimia iliandikwa na Gerald Russell, London tena, mwaka 1979. Lakini aliyeuandika ugonjwa kwanza si lazima awe ndiye mwenye ugonjwa.

Mfano wa Fiji ndio ulionitikisa. Huko nako mwili mnene ulisifiwa. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa sekondari, kisha akarudi kuhoji mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa karibu 11 katika kila 100. Televisheni tu, tena chache, kijijini. Sasa hesabu wewe simu zilizomo katika bweni moja la chuo hapa Nairobi, na matangazo ya chai za kupunguza tumbo yanayomfikia msichana kila anapofungua TikTok.

Ila Fiji inaweza kukupotosha pia, ukadhani kila kitu kinaanzia kwenye skrini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa sekondari wa kike kaskazini-mashariki mwa Ghana uliwakuta wachache waliojinyima chakula hadi kukonda vibaya, na hao hawakusema wanaogopa unene. Walizungumza juu ya kufunga, juu ya dini, juu ya kujitawala.

Nikamkumbuka nyanya tena.

"Nimefunga"

Ungekuwa unataka mji wa kuficha ugonjwa huu, Nairobi ingekufaa sana.

Januari makanisa mengi hufunga siku 21 za Danieli. Sipingi, nami hufunga. Lakini kwa mtu anayetafuta sababu ya kutokula, hiyo ni zawadi: anajinyima na anasifiwa. Binti alifunga Januari pamoja na kanisa zima, akaendelea Februari peke yake, na kila aliyemkaribisha alijibiwa neno ambalo huwezi kulibishia. Rafiki yangu Mwislamu wa South C ananiambia kwao mgonjwa ameruhusiwa kuacha kufunga, jambo jema, ila kwanza lazima mtu akubali kwamba anaumwa.

Halafu kuna alsa. Mtu yeyote Nairobi akisema ana vidonda vya tumbo, mazungumzo yameisha. Utashauriwa maziwa baridi, utashauriwa juisi ya kabeji, utapelekwa kupima bakteria, lakini hakuna atakayeuliza kwa nini huli. Na kuna "nimekula kwa rafiki", na "nimechelewa, nitakula njiani", na ile sahani unayoibeba chumbani ukisema una kazi ya kuandika.

Mimi nilimsikia akiyasema yote. Kila moja, peke yake, ni jambo la kawaida kabisa.

Aliyenona

Nilipomsimulia rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa ofisini kama mimi, alinisikiliza, kisha akaniuliza kama maradhi ya ulaji yanahitaji ukonde. Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Halafu akaanza kuzungumza, na hakuacha mpaka chai ikapoa.

Yeye hununua chipsi na kuku akitoka kazini na kuzila ndani ya gari kwenye maegesho ya mtaa wao, kabla ya kupanda nyumbani kula tena na watoto. Usiku anaamka. Anakula bila njaa, haraka, amesimama, asione hata ladha. Baadaye anajichukia kiasi cha kushindwa kulala. Hajitapishi. Anaahidi kwamba kesho hatakula mpaka jioni, na jioni ikifika ndiyo hiyo tena.

Ulaji wa namna hiyo uliingizwa kama ugonjwa kamili kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu, ingawa huo ndio unaowapata watu wengi zaidi kuliko anoreksia na bulimia, wanaume pia wakiwamo. Nao unatembea na sonona bega kwa bega. Rafiki yangu alikuwa amewahi kumwendea daktari kwa ajili ya huzuni. Aliambiwa apunguze uzito, atajisikia vizuri.

Akapewa orodha ya vyakula vya kuacha.

Sina subira na ushauri wa namna hiyo. Kumwambia mtu anayejinyima mchana na kuvunja usiku kwamba ajinyime zaidi ni kumrudisha pale pale tatizo linapoanzia. Kanisani anaambiwa amenona, Mungu amembariki. Anaitikia amina.

Chakula au vidonge

Tulimpata daktari mwingine wa akili, upande wa Upper Hill, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuhusu akili. Aliagiza vipimo vya damu, potasiamu na fosfeti, na kipimo cha umeme wa moyo. Dada alidhani tumekosea mlango.

Kumbe potasiamu ikishuka, hasa kwa anayejitapisha, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Na kumbe kumlisha kwa pupa mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ni hatari: mwili ukianza ghafla kushughulika na wanga unavuta fosfeti kutoka kwenye damu, na mtu anaweza kufa akiwa anakula. Madaktari waliliona hilo kwa mateka walioachiliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sisi tulikuwa tumepanga kumpakulia ugali mlima jioni ile ile.

Kisha akauliza kuhusu vidonge. Alitaka jina kamili. Iko dawa moja ya sonona, bupropioni, ambayo mtu mwenye anoreksia au bulimia hapaswi kupewa, kwa sababu inaongeza uwezekano wa degedege. Binti hakuwa amepewa hiyo, ilikuwa bahati tu, maana hakuna aliyemwuliza kama anajitapisha. Dawa nyingine, fluoksetini, imewasaidia wengi wenye bulimia, kwa kipimo kikubwa kuliko cha sonona ya kawaida. Lakini kwa aliyekonda kwa anoreksia, vidonge hivyo havijaonyesha faida ya maana. Daktari alisema hivyo waziwazi: dawa yake ya kwanza ni chakula, na mpaka uzito urudi hatutajua sonona yake halisi ni ipi na iliyoletwa na njaa ni ipi.

Nilidhani hapo ndipo jibu langu lilipo. Lisha kwanza, huzuni itajiondokea.

Akanikatiza. Alirudi kwenye karatasi ya maswali tisa, akaweka kidole kwenye la mwisho, lile la mawazo ya kufa, ambapo binti alikuwa ameweka alama 1. Akamwuliza hapo hapo, mbele yetu, bila kuzunguka, kisha akatutoa nje akamwuliza tena. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2011 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa wa anoreksia waliofariki, karibu mmoja katika kila watano alijiua. Hakuna cha kusubiri huzuni ijiondokee. Tulirudi nyumbani na mpango wa mlo, na mpango mwingine wa usiku mbaya: nani ataamshwa, vidonge vitakaa chumba cha nani, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, ya bure, kwenye simu ya kila mmoja wetu.

Mpango wa mlo unafuata njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Wazazi wanachukua usimamizi wa sahani, bila kulaumu na bila kubembeleza kupita kiasi, mpaka mgonjwa awe tayari kuushika mwenyewe tena. Ulibuniwa kwa watoto wadogo kuliko yeye, na daktari alitaka kwanza ridhaa yake. Alikubali, akilia. Uji na mayai asubuhi, kitu saa nne, ugali na maharagwe mchana, na kuendelea. Dada anatoka kazini kuja kukaa naye mezani. Siku asizoweza ni zamu ya bibi, ambaye amepigwa marufuku kutaja Turkana na sasa anasimulia habari za majirani.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zile za njaa. Tulitarajia uso uchangamke kadiri sahani zinavyoisha. Badala yake alilia zaidi, alitukana, alilala na viatu. Dada alitaka kuacha. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba huko Minnesota pia, chakula kiliporudishwa, baadhi ya vijana wale walizidi kuwa wazito wa moyo kabla ya kupata nafuu, nikamwambia. Sijui kama lilimsaidia. Kesho yake alikuja mezani saa saba kama kawaida.

Sasa anasoma tena, kurasa chache. Amemtania mdogo wake mara moja. Huzuni ipo, daktari amebadilisha dawa, na usiku bado ni mgumu.

Barua

Tunachobishania kwa sasa ni hosteli. Dada anataka binti arudi chuo muhula ukifunguliwa, akihofia kwamba akipoteza mwaka mzima nyumbani atapata sababu mpya ya kujiona ameshindwa. Mimi naona chumba cha watu wanne, kila mtu na ratiba yake, ambako hakuna atakayejua kama amekula. Yeye mwenyewe anataka kurudi, kwa masharti yake: mchana atakula na rafiki mmoja anayejua, na Ijumaa jioni atakuja nyumbani. Daktari ameahirisha uamuzi mpaka vipimo vya mwezi ujao. Amesema pia kwamba kama ni kurudi, kliniki ya chuo lazima ipewe barua.

Dada aliomba barua itaje sonona peke yake. Hiyo wanaielewa, alisema, hawatamcheka.

Binti akamwambia daktari aandike yote mawili, na aanze na lile la chakula.